Kerneli ya Baba Mkwe

Katika nyumba ile watu wawili walikuwa wanagombana tangu kompyuta mpya ilipoingia, na hakuna jirani aliyewahi kuwasikia. Siyo kwamba walinong'ona. Waligombana kwa asante, kwa samahani na kwa "umesema kweli kabisa, Baba", kwa sababu mmoja alikuwa baba mkwe na mwingine mkwe, na huyo mkwe alikuwa anakaa ukweni, chumba cha nyuma, yeye na mke wake, wakisubiri nyumba yao iezekwe. Sasa mtu anayelala kwa wakwe zake atapata wapi mdomo wa kubisha? Na baba mkwe naye, angemfokea vipi kijana ambaye kila asubuhi humwamkia kwa kuinama mpaka tai inaingia kwenye chai? Basi kila mmoja alimeza lake, akatabasamu, na lile alilolimeza akaenda kulimalizia kwenye kompyuta.

Baba mkwe alikuwa amestaafu ufundi wa simu, zile za waya, na mtaani walimwita Mzee Usiguse. Jina alijitakia mwenyewe. Kila kitu alichokitengeneza kikakubali alikibandika karatasi yenye neno hilo kwa herufi kubwa: swichi ya sebuleni, koki ya jikoni, redio, hata komeo la choo. Wageni walikuwa wanafika mlangoni pa choo, wanasoma, wanarudi kukaa huku wamejikaza. Mkwe alikuwa kinyume chake kabisa. Kitu kikitoka leo, yeye alikuwa anakisubiri tangu jana. Simu yake haikumaliza wiki bila kujizima katikati ya maongezi ili ijiwekee toleo jipya, na mke wake alishazoea kusema neno la mapenzi likaishia hewani.

Kompyuta aliinunua mkwe. Ya zamani ilipokufa, alileta mpya, ile ya kukunja, akaikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi ya nyumba nzima. Mzee alishukuru mpaka sauti ikatetemeka, kisha akaomba, kama mkwe hatajali, aiwekee Linux yake mwenyewe, ile aliyoitumia miaka yote. Mkwe akasema atajali vipi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa asiyejua: Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ndani yake kuna kiini kinachoitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayozungumza na vyuma: kioo, spika, betri, na mashine yoyote iliyochomekwa kwa waya. Chuma ambacho kerneli haikijui ni sawa na hakipo. Mzee aliweka kerneli ya zamani, iliyotulia, isiyobadilishwa ovyo. Hiyo iliijua vizuri mashine ya mke wake ya kudarizi, chuma kikongwe ambacho Mzee alikuwa amekiandikia kipande cha programu kwa mkono wake. Lakini kompyuta yenyewe haikuijua. Sauti haikutoka, mtandao wa bila waya haukushika, betri haikuonekana, na maandishi kwenye kioo yalikuwa makubwa kama ya bango la duka. Kerneli mpya, aliyoipenda mkwe, iliyajua yote hayo. Ila mashine ya kudarizi, kimya. Haikuitambua katu.

Na kila mmoja alikuwa na haki yake, hilo lazima niliseme, maana sipendi kumwonea mtu. Mkwe kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja wa kampuni fulani kwa sauti, akiwa chumbani, na ajira yenyewe ilikuwa bado ya majaribio. Kompyuta isiyotoa sauti ilimfanya awajibu kwa kukisia. Mzee naye kazini kwake aliwahi kuona mtambo mpya ukifungwa kwa hotuba na makofi, na mji mzima ukakaa bila simu hadi mtambo wa zamani uliporudishwa kimyakimya. Tangu hapo neno "toleo jipya" lilimpa kiungulia.

Basi mkwe alikuwa anasema, "Baba, umeiweka vizuri sana," halafu Mzee akitoka kidogo, anaweka kerneli mpya. Mzee akirudi anasema, "Mwanangu, umenisaidia kweli," halafu mkwe akienda kuoga, anarudisha ya zamani. Na kwa wema wao, kila mmoja aliifuta kabisa ile ya mwenzake, isije ikamchanganya. Wakikutana mezani wanapakana mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka chakula kinapoa. Binti, yaani mke wa mkwe, alikuwa anaondoka mapema kwenda dukani kwake kuuza dawa, na alikiri kwamba siku hizi anaondoka mapema kuliko inavyohitajika.

Aliyeumia ni Mama, mke wa Mzee.

Mama alidarizi kwa mkono tangu usichana wake, hadi macho yalipogoma. Daktari alimwambia aache sindano, naye akaacha, akakaa mwaka mzima kwenye kochi akikunja nguo zilizokwisha kunjwa. Hakulia. Lakini alianza kujibu "sijui" kwa kila kitu, hata akiulizwa anataka chai au hataki, na Mzee akaogopa. Ndipo alipoitafuta ile mashine, akaiunganisha na kompyuta, ili Mama achague ua kwenye kioo na chuma kimfanyie kazi ya macho. Siku ilipotoa ua la kwanza, Mama alilishika, akaligeuza nyuma kukagua nyuzi, akasema limepinda. Mzee alifurahi kuliko siku ya harusi, kwa sababu mke wake alikuwa amerudi na makosa ya watu ameanza kuyaona tena.

Sasa kulikuwa na Matroni wa chuo cha wauguzi. Chuo kilikuwa kinakaribia mahafali, na magauni ya wahitimu wote yalitakiwa yatiwe nembo ya taa kifuani. Matroni alikuwa amechomwa na duka la njia panda, ambalo mwaka uliopita lilibandika nembo kwa gundi. Wahitimu walipokea vyeti, jua likapiga, taa zikaanza kuning'inia moja moja mbele ya wazazi. Safari hii aliapa hatampa mtu kazi kabla hajaona nembo moja ikidariziwa mbele ya macho yake. Mama akasema aje. Haikuwahi kutokea kazi kubwa kama ile kumfuata yeye, kwa jina lake, mlangoni kwake. Tangu siku hiyo alikuwa anaamka akiimba, na nyumba nzima ikajua kwamba ikishindikana, kochi linamsubiri.

*

Asubuhi ya siku yenyewe kila mwanamume aliamka na nia njema, na nia njema ya watu wawili wasioambiana kitu ni hatari.

Mzee alitangulia. Akaweka kerneli ya zamani, akajaribu mashine kwenye kipande cha kitambaa, ikashona mstari ulionyooka. Akaifuta ile mpya ili isilete kizaazaa, akaiacha kompyuta ikiwa inawaka, akaenda kunyoa ndevu.

Mkwe akaingia. Usiku alikuwa amesoma kwamba kerneli mpya kabisa, iliyotoka juzi, imezikumbuka tena mashine za zamani. Kwa nini Mama aonyeshe kazi yake kwenye kioo chenye herufi za bango, wakati vyote vinaweza kwenda pamoja? Alikuwa ameshaiweka hiyo mpya kabla ya kulala, na haikumpitia kichwani kwamba Mzee ameshaifagia. Akaamuru ya zamani ifutwe. Kompyuta ikamwandikia kwamba anafuta kerneli inayotumika wakati huo huo, je, ana uhakika? Akajibu ndiyo, kama mtu anavyojibu "salama" huku jino linamuuma. Akapanga kuizima na kuiwasha baada ya chai.

Hakuwahi. Mama alitoka chumbani amevaa gauni la kutokea, akaketi mbele ya kompyuta, akasema kwa upole kwamba kuanzia sasa atakayesogeza kidole hapa atakwenda kulala kwa jirani. Na mashine ikafanya kazi, maana kompyuta ikishawaka inakuwa imeibeba kerneli kichwani. Hata ukiifuta kwenye diski, haina habari. Itajua siku itakapozimwa.

Matroni akafika. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye viatu visivyotoa sauti. Akaamkiwa, akakaribishwa kiti, akakagua uzi, kitambaa na kucha za Mama. Mama akabonyeza, na sindano ikaanza kuchora kitako cha taa kwa uzi wa dhahabu. Matroni akainamia kazi bila kusema kitu, na kwa mwanamke yule kunyamaza ilikuwa sifa.

Huko koridoni baba mkwe na mkwe walikutana, wote wawili wakiwa na nyuso za watu waliotenda mema.

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu," Mzee alisema. "Ile mpya nimeiondoa alfajiri, isikusumbue."

Mkwe akasahau kuinama. "Asante sana, Baba."

"Usijali."

"Na mimi nilikupunguzia, Baba. Ile ya zamani."

Mzee aliendelea kutabasamu kidogo, kwa mazoea. Kisha akauliza ni lini. Mkwe akasema baada ya Baba kwenda kunyoa. Wakatazamana. Wote wawili walikuwa mafundi, hesabu haikuwachukua muda: pale sebuleni Mama alikuwa anafanyia kazi kompyuta isiyokuwa na kerneli hata moja, na usalama wake wote ni kwamba isizimike.

"Basi haitazimika," Mzee akasema. "Imechomekwa kwenye umeme."

"Kweli kabisa, Baba."

"Na betri ipo."

"Ipo, Baba. Ila kwa kerneli yako, samahani sana, betri haionekani. Hatujui kama ina kitu."

Lilikuwa neno la kwanza la ukweli kati yao tangu harusi, nalo lilisemwa kwa samahani.

Wakati huo simu ya Matroni ilikuwa imeishiwa chaji. Matroni hakuwa mtu wa kusumbua wenyeji. Akatazama ukutani, akaona matundu mawili ya umeme. Juu ya moja kulikuwa na karatasi: USIGUSE. Yeye ni mtu wa hospitali, karatasi ya ukutani anaiheshimu. Akaliacha hilo, akachomoa waya kwenye lile la pili, akachomeka simu yake.

Mzee ndiye aliyeona, akiwa mlangoni. Kupiga kelele mbele ya mgeni aliona haya, kumwambia mgeni amekosea aliona haya zaidi, basi akaamua kuingia chini ya meza kwa magoti, taratibu, kama anatafuta kifungo. Matroni akahisi kitu kinapapasa karibu na vifundo vya miguu yake. Akatazama chini akaona kipara. Akainua miguu yote miwili juu ya kiti, akakaa hivyo. Nyuma ya Mzee alikuja mkwe, naye kwa magoti, maana hawezi kusimama baba mkwe akiwa chini. Vichwa vikagongana. "Samahani, Baba." "Hapana, mwanangu, pita wewe." "Tangulia tu, Baba."

Wakati wanapishana, betri ikaisha, kioo kikawa cheusi. Sindano ikasimama juu ya taa isiyo na mwali.

*

Mama alibonyeza kuwasha. Maandishi machache meupe yakatokea, yakisema hakuna cha kuanzia, yakabaki hapo. Alibonyeza tena, na tena, huku anaongea na Matroni habari za hali ya hewa. Matroni akashusha miguu. Alisema, bila ubaya, kwamba ana kazi sokoni, atapita tena mchana, na asipokuta kitu itabidi awape wale wa njia panda, gundi au si gundi, kwa sababu mahafali hayangojei mtu. Mama alimsindikiza hadi getini akicheka, akamwagiza salamu za nyumbani, akafunga geti. Kicheko kikabaki usoni kwake hadi alipofika sebuleni, ndipo kikaanguka.

Wanaume walikuwa wamesimama wima, suruali zina vumbi magotini.

"Kosa ni langu, Mama," mkwe alisema.

"Hapana, ni langu mimi," Mzee akasema.

"Baba, usijitwishe. Mimi ndiye..."

"Nyamazeni," Mama akasema.

Akaketi. Akawaambia anajua wanachofanya, amekijua siku nyingi, kwa sababu mashine inayoshona leo na kugoma kesho haina pepo, ina watu. Alinyamaza akidhani ni wakubwa wataambiana. Aliposema yanayofuata sauti yake ilikuwa ya chini, na Mzee alishindwa kumtazama.

"Mwaka ule nilipokaa kwenye kochi lile, nilikuwa naomba kusikuche. Hamkujua. Sikutaka mjue. Leo mgeni ameniona nabonyeza kitufe kama mwendawazimu, na ninyi mpo chini ya meza mnakaribishana. Sasa sikilizeni. Hapa hakuna baba mkwe, hakuna mkwe. Kuna mafundi wawili wameniharibia kazi. Ambianeni yaliyo moyoni, mtengeneze, halafu mtaendelea na adabu zenu mkipenda."

Mkwe alitazama viatu vyake. Mwisho Mzee alikohoa.

"Wewe kijana," alisema, "una kiherehere."

Mkwe alishtuka. Halafu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akajibu, "Na wewe, Baba, una woga. Unaogopa hata swichi."

"Endeleeni," Mama akasema.

Waliendelea. Mzee akasema kijana anaweka kitu kwa sababu ni kipya, kingekuwa sumu mpya angeionja. Mkwe akasema tundu lile la umeme ni zima kabisa, alilijaribu mwenyewe, na lisingekuwa na karatasi mgeni asingechomoa waya. Mzee akauliza nani alimpa ruhusa ya kugusa. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Mzee alikuwa na diski yenye kerneli yake ya zamani, ila ilikuwa kerneli tupu, isiyoweza kuiamsha kompyuta. Flashi ya mkwe ndiyo iliyoiamsha, tena mara moja, na kioo kikang'aa. Mzee aliguna tu. Wakabanana kwenye kiti kimoja, kila mmoja nusu tako, wakinyang'anyana kibodi. Kwanza mkwe akaweka kerneli mpya iliyomnyima usingizi. Wakachomeka mashine. Haikuitambua.

"Imezikumbuka mashine za zamani," Mzee alisema. "Zipi?"

"Siyo hii, Baba," mkwe akakubali.

Basi wakaweka na ya zamani kando yake. Walipowasha, kompyuta ikasimama kidogo na kuonyesha mistari miwili: mpya hapa, ya zamani hapa, chagua. Mkwe akamweleza Mama kwamba akitaka kudarizi anachagua wa chini, na yeye akiwa na wateja wake atachagua wa juu.

Mama aliisogelea ile mistari.

"Kumbe zinaweza kukaa mbili?"

"Zinaweza," mkwe alisema.

"Tangu lini?"

Mzee ndiye aliyesema, akiangalia ukuta, "Tangu zamani. Siku zote."

"Na ninyi mlijua."

Walijua. Kila mmoja alijua, tena vizuri. Lakini kuiacha ya mwenzake ingekuwa ni kukiri kwamba mwenzake naye ana haja, na hilo lingebidi lisemwe kwa mdomo. Kufuta kulikuwa rahisi zaidi. Mama hakuwatukana. Alichagua mstari wa chini kwa kidole chake mwenyewe, akawaonyesha mlango wa uani.

*

Matroni aliporudi alikaa mbali kidogo na meza. Mama akaweka kitambaa kipya, akabonyeza. Sindano ikachora kitako cha taa, ikapanda, ikafika pale ilipokwama asubuhi, na Mama akautupia jicho waya wa ukutani. Ikapita. Mwali ukatokea, wa rangi ya chungwa, wenye ncha. Mama akakata uzi, akakigeuza kitambaa nyuma kwanza, kama kawaida yake, kisha akampa mgeni.

Matroni alikivuta, akakikwaruza kwa ukucha, akakikunja na kukikunjua. Taa haikung'oka. Alikuwa anafungua mdomo kusema kitu, sauti zikapaa huko uani. Mzee alikuwa anasema kama kijana anataka mstari wa juu uwe ndio unaojichagua wenyewe mtu asipochagua, basi angoje kwanza yeye Mzee afe. Mkwe akajibu kwamba Mama ndiye mwenye kuamua, siyo Baba, na kuuliza Baba aliwahi lini kumsikiliza Mama. Mzee akasema asifundishwe mke wake. Kitu kama ndoo kikapigwa teke.

Matroni aliweka kitambaa mezani. Alisema kazi ameipenda, hana swali, magauni yapo tayari chuoni. Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayeongea karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Ila Mama, naona hapa nyumbani pana vita. Mzigo nikuletee kesho, au tungoje kwanza watulie?"

Mama alitega sikio. Huko nje mkwe alikuwa anamwambia baba mkwe wake kwamba ni mbishi kupita kiasi, na baba mkwe wake alikuwa anacheka.

"Lete kesho, Matroni," alisema. "Nikisikia wameanza kuambiana asante, ndipo nitakupigia simu usilete."